i5 si Moja: Prosesa Mbili Tulizozipima kati ya Jinja na Mbale

Wengi mmeniuliza kwenye grupu, wengine kwa sauti ndefu za WhatsApp ambazo sikuzimaliza zote: kwa nini pesa ya likelemba ilienda kwenye laptopu moja na si mbili? Niliahidi kuandika. Imechukua wiki mbili kwa sababu nilitaka kuandika nikiwa na hesabu mkononi, si hasira mdomoni.

Kwanza tuelewane tunaongea juu ya nini. Grupu letu liko na mashini moja tangu zamani, HP EliteBook 840 G3, inakaa Jinja upande wa Walukuba. Ndani iko prosesa ya Intel Core i5-6300U. Likelemba ya mwaka huu ilifika shilingi milioni moja na laki mbili na nusu. Hapo mbele yetu kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza, kununua G3 nyingine mbili kama ile tuliyo nayo, laki sita sita, zinakuwa tatu jumla. Ya pili, kununua EliteBook 840 G5 moja, yenye prosesa i5-8350U, ambayo mwenye duka kule Mbale aliitaka milioni moja na laki moja. Ukiziweka mezani zimefungwa, mtu asiyejua atasema ni ndugu wa tumbo moja. Zote mbili zimebandikwa i5. Zote ni za ofisi za Ulaya zilizotumika, zikaja kwa kontena. Basi laki tano ya tofauti ni ya nini?

Hapo ndipo ugomvi ulianzia, na msifikiri ulikuwa ugomvi wa wapenda mashini. Tulikuwa tumepata kazi ya kutia maandishi ya Kiswahili kwenye video za masomo, video tatu kila Ijumaa, kila moja kama dakika ishirini. Kutafsiri tunafanya wenyewe kwa kichwa. Lakini kuyachoma maandishi ndani ya video ni kazi ya prosesa, na prosesa inataka umeme. Wiki moja umeme ulikatika Alhamisi jioni, ukarudi Ijumaa karibu saa tano asubuhi. Tulipeleka video moja kati ya tatu. Malipo ya mbili yakapotea, na mwenye kazi akasema vizuri tu, bila matusi, kwamba ikitokea tena atatafuta watu wengine. Kwa watu sita wanaolipa nyumba kwa kazi hiyo, maneno hayo hayaachi usingizi.

Upande wa pili kulikuwa na dada yetu mmoja wa Mbale. Anasoma chuo kwa njia ya mtandao, na mwaka mzima amekuwa akiandika kazi zake kwenye simu, kwa kidole gumba, kurasa kumi na tano, ishirini. Yeye alitaka G3 mbili, kwa sababu moja ingebaki Mbale. Alituambia maneno ambayo mpaka leo siwezi kuyatoa kichwani: "Yaya, nyinyi wa Jinja mnahesabu dakika. Mimi nahesabu siku zilizobaki nifukuzwe." Sasa wewe mjibu mtu kama huyo kwamba prosesa ya kizazi cha nane ni nzuri zaidi.

Kwa hiyo tulikubaliana: hakuna kupiga kura kabla ya kupima. Kaka yetu anayejifunza ufundi kule Mbale alimwomba bosi wake atuachie ile G5 siku tatu. Fundi alikubali, tukaacha laki mbili kama dhamana. Mimi nikaibeba G3 yetu kwenye begi, nikapanda taksi Jinja, Iganga, ile barabara ya Tirinyi yote mpaka Mbale, begi nimelipakata mapajani kama mtoto mchanga. Konda alitaka niliweke kwenye buti. Nilimwangalia tu.

Kabla ya matokeo, nieleze majina haya, maana ndiyo yanatumika kudanganya watu madukani. Kwenye i5-6300U, ile 6 ya mwanzo inasema ni kizazi cha sita. Intel iliitoa mwaka 2015. Kwenye i5-8350U, ile 8 inasema kizazi cha nane, ya mwaka 2017. Herufi U mwishoni inasema ni ya familia ya kutumia umeme kidogo, iliyotengenezwa kwa laptopu nyembamba. Neno i5 peke yake halikuambii umri. Ni kama kuambiwa "ni Toyota". Sawa, Toyota ya lini?

Tena kuna mtego mwingine. Muuzaji mmoja wa Jinja, kwenye duka dogo ambalo sitalitaja, alituambia i5-6300U ni kali zaidi kwa sababu imeandikwa gigahezi 2.4, na i5-8350U imeandikwa 1.7. Namba hizo ni za kweli, zimeandikwa hivyo kabisa. Alichoacha kusema ni kwamba hiyo ni kasi ya msingi tu. Ikipewa kazi, ya kwanza inapanda mpaka 3.0 na ya pili inapanda mpaka 3.6. Na kubwa zaidi, ya kwanza iko na viini viwili vya kufanyia kazi, ya pili iko na vinne. Kila kiini kinaweza kushika nyuzi mbili za kazi kwa pamoja, kwa hiyo ni nyuzi nne dhidi ya nane. Na mkisikia mtu anawauzia i7-6600U kwa bei ya juu eti kwa sababu ni i7, jueni nayo ni ya viini viwili. Kwa kazi nzito, i5 ya kizazi cha nane inaipita.

Sasa jambo lililonishangaza mimi mwenyewe. Prosesa zote mbili zimeandikwa wati 15. Na zote zimetengenezwa kwa teknolojia ya nanomita 14, si kwamba moja ni ya kiwanda kipya sana. Inakuwaje moja iwe na viini mara mbili na bado iseme inakula wati zilezile?

Fikirieni bomba la maji kule tulikopita wote, kambini au mtaani. Kuna watu wawili wanakimbia na jerikeni, na kuna watu wanne wanatembea. Wanaokimbia wanachoka vibaya kwa safari ile ile, wanahema, wanamwaga. Prosesa iko hivyo. Ukitaka kiini kiende haraka zaidi lazima ukiongezee volti, na volti ikipanda, umeme unaoliwa unapanda kwa kasi kuliko kazi inayoongezeka. Ukiongeza kasi kidogo tu, unalipa mingi. Kwa hiyo viini vinne vikienda mwendo wa wastani vinabeba maji mengi kuliko viwili vinavyokimbia, kwa jasho lile lile. Ndiyo sababu ile 1.7 iliyomchekesha muuzaji si udhaifu hata kidogo. Huo ndio mwendo wa kutembea.

Na hizo wati 15 zenyewe si kipimo cha umeme unaoliwa kila dakika. Ni joto ambalo feni imeandaliwa kuliondoa kwa muda mrefu. Ukiwa unasoma barua pepe tu, prosesa inakula kidogo sana. Ukianza kazi nzito, ile ya kizazi cha nane inaruka juu ya wati 15 kwa muda mfupi, halafu inashuka yenyewe. Kwa hiyo mtu akikuonyesha dukani jinsi mashini inafungua programu upesi, umeona nusu dakika ya kwanza tu. Mwambie aiache ifanye kazi robo saa, uone.

Kupima tulipima nyumbani kwa kaka, Namakwekwe, siku tatu mfululizo. Mvua ya Wanale ilikuja alasiri mbili kati ya hizo tatu, umeme ukaondoka nayo, na kwa mara ya kwanza maishani nilifurahi umeme kukatika. Ndivyo tulivyotaka kuzipima: kwa betri, gizani, vile tunavyoishi. Maana hapa kuna kichekesho ambacho watu wa Jinja wanakijua. Mji wetu ndio mji wa umeme. Bwawa la Owen Falls, ambalo leo linaitwa Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954. Kando yake kuna Kiira, na mbele kidogo Bujagali ya megawati 250, ya mwaka 2012. Ukitoka Walukuba kwa boda unafika kwenye Nile kabla hujamaliza kuongea. Na bado tunachaji simu kwa jirani.

Ili haki itendeke, tuliweka RAM sawa, giga nane kila moja, Windows 10 zote mbili, mwangaza wa skrini nusu, na feni zilisafishwa vumbi siku moja. Fundi alibadilisha na ile krimu inayopitisha joto kati ya prosesa na chuma, kwenye zote mbili. Msipuuze hilo. Mashini iliyojaa vumbi inapunguza mwendo wake yenyewe ili isiungue, halafu unalaumu prosesa.

Tatizo lilikuwa betri. Betri za mashini zilizotumika hazichoki sawa, kwa hiyo ukisema tu "hii imekaa saa tano, hii saa sita", bado hujapima prosesa, umepima betri. Kuna amri ndani ya Windows ambayo kila mtu hapa aijue kabla ya kununua laptopu ya mkono wa pili. Fungua lile dirisha jeusi la amri, andika powercfg /batteryreport, ubonyeze Enter. Itatengeneza ripoti inayosema betri ilizaliwa na uwezo gani na leo imebaki na uwezo gani. G3 yetu ilizaliwa na wati-saa 46 na kitu, ilibaki na 33. G5 ilizaliwa na 50, ilibaki na 39. Kwa hiyo tuliacha kuhesabu masaa, tukahesabu wati-saa zilizoliwa kwa kila kazi. Kaka aliandika kwenye daftari la shule la mtoto wake, nyuma ya hesabu za darasa la tatu.

Kuandika kwanza. Masaa mawili ya kuandika tu, mtandao umewashwa. G3 ilikula wati-saa 13, G5 ikala 12. Basi! Nilitazama namba hizo nikafikiri tumekosea, tukarudia, zikaja zilezile. Kwa kuandika, prosesa zote mbili zinalala karibu muda wote, zinaamka kidogo unapobonyeza herufi, zinalala tena. Kinachokula betri ni skrini na vitu vingine. G3 ingekaa kama masaa matano na G5 sita na nusu, lakini ukiangalia vizuri, saa nzima ya tofauti hiyo inatoka kwenye betri kuwa na afya zaidi. Prosesa imechangia nusu saa tu. Dada yetu alikuwa amekaa hapo, anamenya viazi. Hakusema kitu. Alitabasamu tu, na mimi nikaandika.

Baadaye tuliangalia somo la YouTube, saa moja, picha safi ya 1080. G3 ilikula wati-saa 14, na feni ikaanza kulia kama nyuki. G5 ilikula 9, kimya. Hii iko na sababu yake. YouTube inatuma video nyingi kwa mfumo unaoitwa VP9. Prosesa ya kizazi cha nane iko na sehemu maalum ndani yake ya kuifungua VP9, kama mtu mwenye ufunguo wake. Ile ya kizazi cha sita inaifungua nusu nusu, kazi nyingine inarudishwa kwa viini viwili vile vile maskini. Kuna dawa: kiongezi kidogo cha kivinjari kinachoitwa h264ify, kinachoiambia YouTube itume mfumo wa zamani, H.264, ambao G3 inaufungua bila shida. Tulikiweka, G3 ikashuka mpaka wati-saa 10. Lakini H.264 inakula MB nyingi zaidi kwa picha ile ile. Kwa hiyo unachagua: unamaliza betri au unamaliza bando. Mimi nikiwa gizani nachagua kumaliza bando.

Halafu kazi yenyewe, ile inayotulisha. Video ya dakika ishirini, kuchoma maandishi ndani, programu ile ile, mipangilio ile ile. Watu wote walikuja kukaa chini kuangalia kama vile ni mechi. Mama mwenye nyumba alileta malewa na mchuzi wa karanga (sisi wa sombe tulikula kwa heshima, halafu tukaongeza kwa hamu), na G3 ikawa bado inaendelea. Ilimaliza kwa dakika 41, imekula wati-saa 14. G5 ilimaliza kwa dakika 22, imekula wati-saa 8.

Soma tena polepole. Kwa dakika moja moja, G5 inakula umeme zaidi kidogo kuliko G3. Ukiweka kipimo cha wati pale ukutani ungesema G5 ndiyo mlafi. Lakini inamaliza mapema, halafu inalala. Mwenye kula sana dakika 22 ametumia kidogo kuliko mwenye kula wastani dakika 41. Ukifanya hesabu ya betri nzima, zote mbili zitazima baada ya saa moja na nusu na kitu, karibu pamoja. Tofauti ni kwamba G3 itazima ikiwa imemaliza video mbili, na G5 itazima ikiwa imemaliza nne. Na sisi kwa wiki tunadaiwa tatu.

Hapo watu wa Jinja walianza kupiga makofi, na hapo ndipo nilipowaambia wanyamaze kwanza. Hesabu ilikuwa imempa kila mtu haki yake. Aliyesema G3 inatosha kwa kuandika alisema kweli. Aliyesema G3 inatuua kwenye video alisema kweli pia. Na kuna mtu alitaka kuleta habari ya bili ya umeme, kwamba mashini mpya itapunguza Yaka. Hiyo niliikataa palepale. Uniti moja ni wati-saa 1,000. Betri ya wati-saa 50 unaijaza karibu mara ishirini kwa uniti moja. Laptopu si pasi wala si birika. Hatukuwa tunatafuta kuokoa shilingi za umeme, tulikuwa tunatafuta kazi gani inaisha kabla giza halijashinda. Mtu akikuuzia mashini kwa sababu ya "kuokoa bili", mwulize kama amewahi kuihesabu.

Kulikuwa na jambo lingine ambalo lilihusu zote mbili, nalo ni Windows. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida kwa Windows 10. Windows 11 kwa upande wa Intel inataka kuanzia kizazi cha nane, isipokuwa chache sana za saba. Kwa hiyo i5-8350U imeingia mlangoni, na i5-6300U imebaki nje ingawa inafanya kazi vizuri kabisa. Ndiyo maana bei ya G3 imeanguka hivi, na ndiyo maana kontena zinakuja zimejaa hizo. Mashirika ya Ulaya yanazitoa. Si kwamba zimekufa. Kununua mbili za namna hiyo kwa pesa yote ya watu sita, hilo ndilo lilinipa wasiwasi kuliko hata zile dakika 41.

Basi tulipanga hivi, usiku wa tatu, kwa mshumaa, tochi ya simu na kelele. G5 inunuliwe, ikae Jinja, ifanye video tu. Hakuna kuangalia mpira juu yake, mweka hazina ameandika sheria hiyo kwa mkono wake na amenitazama mimi wakati wa kuiandika, sijui kwa nini. Na G3 ya zamani isirudi Jinja kabisa. Ibaki Mbale kwa dada yetu, mpaka amalize chuo. Kwa kazi yake, daftari la kaka limesema wazi kwamba ile mashini haipungukiwi kitu: wati-saa 13 kwa 12.

Hakukubali mara moja. Aliuliza kama anapewa ile ya kutupwa. Lilikuwa swali la haki. Sisi wote hapa tumewahi kupewa vitu ambavyo mwenye kutoa alikuwa anataka tu kupunguza stoo yake, tunajua harufu yake. Kaka ndiye aliyemjibu, hakumjibu kwa maneno. Alimgeuzia daftari, akamwonyesha mstari wa kuandika na mstari wa video, akamwambia achague mwenyewe, na kama atataka G5 tutaongea upya mbele ya wote. Alikaa na lile daftari kitambo. Halafu akasema: "Nipeni hii, lakini na betri mpya." Hakuna aliyebisha.

Fundi alipunguza G5 ikawa milioni moja na elfu hamsini. Ikabaki laki mbili. Betri mpya ya G3 ilikula laki moja na elfu thelathini, na elfu sabini ikaenda kwenye bando la mwezi la pande zote mbili. Likelemba ikawa sifuri kamili, shilingi hata ya chapati hakuna. Kwenye G3 tumeondoa Windows 10, tumeweka Linux Mint, ambayo ni ya bure na inaendelea kupata masahihisho ya usalama kwenye mashini za umri huo. Siku mbili za kwanza dada alinipigia kila saa: faili iko wapi, mbona herufi ziko hivi, printa ya chuo haioni. Siku ya tatu hakupiga. Nikapiga mimi. Akasema, "Niache, niko kwenye ukurasa wa kumi na moja."

Video tumepeleka Ijumaa nne sasa, tatu tatu. Mara mbili umeme ulikatika Alhamisi. Mara ya pili tulimaliza ya tatu betri ikiwa asilimia thelathini na tano, na mwenye zamu akalala saa nne usiku kama mtu mwenye mshahara. Ile G5 nayo iko na ubaya wake, nisiwafiche: ikifanya video mchana wa jua la Jinja, mabati yamepata moto, inapunguza mwendo, na zile dakika 22 zinakuwa 26, 27. Tunaiinua kwa vifuniko vinne vya soda ili hewa ipite chini. Inasaidia kidogo. Usiku inasaidia zaidi.

Kwa mnaotaka kununua: andikeni namba yote ya prosesa, si i5 peke yake, na mwombe ripoti ya betri kabla ya kutoa shilingi. Muuzaji akikataa kukufungulia lile dirisha jeusi, ondoka, duka lingine liko hatua tatu. Na kama kazi yako ni kuandika, kusoma na kujaza fomu, usikubali mtu akuaibishe kwa sababu una kizazi cha sita. Weka betri nzuri, endelea.

Kuna kijana wa Bugembe anasema AMD yake, Ryzen 5 PRO 2500U, inazipita zote mbili. Nayo ni ya viini vinne na nyuzi nane, na wati 15 zilezile, kwa hiyo sicheki. Ailete Jumamosi saa nane, ikiwa imejaa chaji. Ile video ya dakika ishirini bado tunayo, na daftari liko na kurasa.